Anayehama Windows asibebe kumbukumbu za programu ya kusawazisha faili

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua ili niongezee, na mahali pamoja nisahihishe, makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyowashauri wasomaji wenye kompyuta za zamani wahamie Linux, mfumo endeshi wa bure, badala ya kuzitupa. Ushauri wenyewe ni mzuri na umekuja wakati wake. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa kuwa Windows 11 inadai kompyuta iwe na kipengele cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, mashine nyingi za mtumba tunazonunua Kariakoo, ambazo bado zina nguvu za kutosha kufungua jedwali la hesabu na kuchapisha ankara, haziingii katika orodha yake. Shida yangu ni sentensi moja ya makala ile, iliyosema kwamba mtu akishanakili nyaraka zake, anakili pia folda nzima ya mipangilio ya programu anayoitumia kusawazisha faili, aiweke kwenye mfumo mpya, na kazi itaendelea pale ilipoishia. Ofisi yetu ilifanya hivyo hivyo kabla makala yenu haijatoka, na kwa siku moja na nusu hatukuwa na hakika kama nyaraka za wateja za miaka minne bado zipo duniani.

Mimi ni karani wa nyaraka katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha jirani na bandari ya Dar es Salaam. Tuna kompyuta tatu: moja ipo mezani kwangu mjini, ya pili ipo kwa mwenzangu kwenye yadi Kurasini, na ya tatu ni laptopu aina ya Mac ya bosi wetu, ambaye sote tunamwita Mzee, na ambayo husafiri naye popote aendako. Katika kila moja kuna folda iitwayo Nyaraka, yenye hati za shehena, ankara, vibali, nakala za pasipoti na namba za mlipakodi za wateja, na sharti la kazi yetu ni kwamba nikibadilisha kitu mezani kwangu, kule Kurasini nako kibadilike kabla lori halijatoka getini. Kazi hiyo tumeikabidhi kwa Syncthing, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2013, ambayo haiweki faili kwenye seva ya mtu mwingine bali huzipeleka kutoka kompyuta hadi kompyuta. Tuliichagua kwa ajili ya usiri wa wateja. Faida yake ya pili niliijua Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya nchi ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Laptopu ya Mzee na kompyuta yangu, zikiwa chumba kimoja, ziliendelea kupeana faili kupitia ruta yetu bila kuhitaji kutoka nje ya mlango.

Kompyuta yangu ndiyo iliyokataliwa na Windows 11. Fundi tuliyempelekea, ambaye kwa upande wa vyuma ni hodari na hadi leo ndiye anayetutengenezea printa, alinakili diski ya D yote kwenye diski ya nje, akanakili na folda ya Syncthing kutoka pale Windows inapoificha, yaani ndani ya AppData, kisha Local, akaweka Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, na kuipandikiza folda ile mahali pake papya. Asubuhi iliyofuata alikuja kuifunga mashine mezani kwangu. Nyaraka zenyewe zilikuwa bado kwenye diski ya nje. Alisema angezirudisha jioni kwa kuwa ni nyingi, na kwamba kwanza alitaka kuhakikisha kompyuta zetu zinaonana.

Hazikuonana. Mipangilio ilikuwa inaitafuta D:\Nyaraka, na Linux haina diski iitwayo D. Akaibadilisha njia, yaani anwani ya folda kwenye diski, akaandika /home/ofisi/Nyaraka, akatengeneza folda tupu yenye jina hilo. Programu ikagoma tena, safari hii ikilalamika kwamba kialama chake hakimo. Ndani ya kila folda inayoisimamia, Syncthing huweka kifolda kilichofichwa kiitwacho .stfolder, ambacho hakina kazi nyingine ila hii: kisipoonekana, programu inajua kwamba pengine diski imechomoka, au folda iliyo mbele yake si ile inayoijua, na hapo husimama bila kugusa chochote. Fundi aliona kosa kwenye kioo, akatafuta dawa ya kosa, akakitengeneza kifolda kile kwa mkono wake. Maandishi mekundu yakaondoka, yakaja ya kijani, naye akanigeukia akasema, "Dada, imekubali."

Haikupita nusu saa simu ikaita kutoka Kurasini.

"Shikamoo dada. Kuna mtu anafuta vitu huko mjini? Ankara za kontena la leo nilikuwa nazo hapa, nimeenda getini narudi sizioni."

Nilimwambia abonyeze folda ya Nyaraka aniambie ina faili ngapi. Akasema elfu saba na kitu. Tulikuwa na zaidi ya elfu kumi na moja. Akabonyeza tena, elfu sita, akabonyeza tena, akawa ananisomea namba zinavyoshuka kama mtu anayesoma mita ya LUKU uniti zikikaribia kwisha, mpaka nilipopata akili ya kumwambia achomoe waya wa intaneti. Kisha nikampigia Mzee, ambaye siku hiyo alikuwa Mwanza.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu, habari za kazi?"

"Mzee, kompyuta yako umeifungua leo?"

"Bado. Niko kwenye kikao."

"Naomba usiifungue. Hata kidogo, mpaka urudi."

Akanyamaza, kisha akauliza kama ni virusi. Nikamjibu kwamba si virusi, ni sisi wenyewe.

Mtu atauliza hofu ilitoka wapi, wakati diski ya nje ilikuwa na kila kitu. Tuliifungua tukakuta haina kila kitu. Kwa desturi yake ya miaka mingi, Windows huweka kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina, na sisi makarani, ambao hupenda folda ndani ya folda na majina marefu yanayotaja mteja, meli, kontena na tarehe, tulikuwa tumekivuka katika sehemu kadhaa, hasa pale nyaraka zilipokuwa zimetokea kwenye Mac ya Mzee. Kunakili kulikwama mara ya kwanza, fundi akabonyeza kuruka, kukakwama tena, akabonyeza kuruka vyote, na kwa namna fulani folda za mwaka 2024 na 2025 zilibaki nje. Kule Kurasini faili zilizofutwa hazikupita kwenye kapu la taka, kwa kuwa Syncthing hufuta moja kwa moja isipokuwa mwenye kompyuta amewasha utunzaji wa matoleo ya zamani, nasi hatukuwa tumeuwasha. Nakala kamili iliyobaki Tanzania nzima ilikuwa kwenye laptopu iliyofungwa, ndani ya mkoba, chini ya meza ya kikao Mwanza. Mzee aliporudi kesho yake tulizima ruta kwanza, ndipo tukaifungua.

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike. Programu haikukosea, na wala fundi hakukosea pale alipobadilisha njia ya folda. Kosa lilikuwa kuhamisha, pamoja na mipangilio, kumbukumbu za ndani za programu, na hilo ndilo makala yenu inalowaambia wasomaji walifanye.

Programu inayosawazisha pande zote mbili haiwezi kufanya kazi kwa kutazama folda mbili peke yake. Ukikuta daftari la Kurasini lina ankara kumi na la mjini lina tisa, huwezi kujua kama Kurasini wameongeza moja au mjini wamefuta moja, mpaka urudi kwenye hesabu ya jana uone zilikuwa ngapi. Hesabu hiyo ya jana ndiyo kumbukumbu za programu. Kwenye Syncthing hukaa katika folda ambayo jina lake huanza na neno index, jirani kabisa na faili ya mipangilio iitwayo config.xml. Kumbukumbu zetu zilisema kwamba kwenye kompyuta hii kuna faili elfu kumi na moja. Diski ikasema kuna sifuri. Programu ikahitimisha, kwa haki kabisa, kwamba mwenye kompyuta amezifuta zote, ikawatangazia wengine nao wafute. Kama folda ile ya index isingehamishwa, hitimisho lingekuwa kinyume chake: kompyuta hii ni ngeni, haijapata kuwa na kitu, basi ipewe vyote. Faili zingeanza kutiririka kutoka Kurasini kuja mjini, na fundi angeenda zake mapema.

Hali ni hiyo hiyo kwa Unison, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania na ambayo baadhi ya wahasibu bado wanaipenda kwa kuwa inauliza kabla ya kutenda. Yenyewe hutunza maelezo ya kazi katika faili ndogo za maandishi ambazo majina yake huishia na .prf, na kumbukumbu katika faili nyingine zilizofungamana na majina ya kompyuta na njia za folda, hivyo mtu akihamisha mifumo na kubadilisha njia, kumbukumbu za zamani hazitambuliki tena na programu huanza upya, ikilinganisha kila kitu. Watu hulalamika kwamba mara ya kwanza inachukua muda mrefu. Mimi sasa nausifu muda huo.

Kwa hiyo ndani ya ile folda moja ambayo makala yenu inaiita ya mipangilio kuna vitu vitatu visivyofanana. Kimoja ni mipangilio hasa, yaani mambo ambayo mwenye kompyuta ameyaamua: folda zipi, na nani, kuelekea upande gani. Cha pili ni kumbukumbu, ambazo ni mambo programu iliyoyaona. Cha tatu, ambacho makala haikukitaja kabisa, ni utambulisho. Kila kompyuta yenye Syncthing ina cheti na ufunguo wa siri, faili mbili ziitwazo cert.pem na key.pem, na kutokana na cheti hicho hupatikana namba ya kifaa yenye herufi na tarakimu 56, zilizogawanywa katika mafungu manane, ambayo ndiyo wengine hukutambua kwayo. Ukihamisha ufunguo, kompyuta mpya inakuwa ile ya zamani machoni pa wenzake, na hakuna haja ya kuitambulisha upya. Hilo lina faida kama mashine ya zamani imekufa. Kama bado inawaka, hata ikiwa imewekwa pembeni kwa ajili ya mtoto kuchezea, utakuwa na kompyuta mbili zinazodai kuwa mtu mmoja, na wengine hawatajua wamsikilize yupi.

Upo na upande wa sheria, ambao sitauzungumzia kwa urefu. Ufunguo ule uliondoka ofisini kwetu ukiwa kwenye flashi ya fundi, ukapita dukani kwake, na yeyote ambaye angeunakili angeweza kujitokeza mbele ya kompyuta zetu kwa jina letu na kupewa nakala za pasipoti za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ofisi ndogo kama yetu hazijasamehewa kwa udogo wake. Kwa ofisi ya kompyuta tatu, mimi naona ni bora ufunguo uachwe, kompyuta mpya itengeneze wake, na wenzake waitambue upya; ni kazi ya dakika kumi. Mwenye kompyuta thelathini ana haki ya kufikiri vingine.

Kuhusu njia za folda, makala ilisema kweli kwamba ndizo hubadilika, ila haikusema ni kitu gani kisichobadilika. Katika Syncthing kila folda ina kitambulisho chake, tofauti na jina inaloonyeshwa na tofauti na mahali ilipo kwenye diski. Kitambulisho lazima kifanane kwenye kompyuta zote. Mahali ni jambo la kila kompyuta na nyumba yake. Nimeona watu wakihangaika kuipa Linux folda yenye sura ya D:\Nyaraka ili "zifanane", na ubaya ni kwamba Linux haikatai: mkwaju ulioegemea nyuma (\) ni herufi halali katika majina yake, hivyo unapata folda moja yenye jina la ajabu, imekaa nyumbani mwako, tupu. Wanaotumia rsync, programu ya kunakili na kusawazisha faili iliyoandikwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, watakutana na kioja kingine, kwani yenyewe ikiona nukta mbili baada ya D huelewa kwamba D ni jina la kompyuta nyingine mtandaoni na kuanza kuitafuta. Angalau hapo inashindwa kwa sauti.

Majina ya faili yalinisumbua kwa wiki tatu baada ya kila kitu kurudi, na hapa ndipo ninapoona makala ingeweza kuwasaidia wasomaji zaidi. Kwenye Windows huwezi kuandika nukta mbili, alama ya kuuliza, kinyota, alama za kufungua na kufunga usemi, wala mkwaju wa aina yoyote katika jina la faili. Linux huruhusu karibu yote. Nilipopata uhuru huo nikaanza kuandika kama tunavyosema: "Lori saa 4:30", "Mteja amelipa?". Faili hizo zilizaliwa mezani kwangu na hazikufika Kurasini, wala Kurasini hawakujua kwamba kuna kitu hawajakipata. Kioja kikubwa kilikuwa folda niliyoiita CON, kwa kufupisha kontena. Tangu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, jina hilo limehifadhiwa kwa ajili ya mfumo wenyewe, pamoja na AUX, NUL, PRN na mengineyo, na Windows haitaki faili wala folda ichukue jina hilo. Nilimlaumu mwenzangu kwa siku mbili kwamba hafungui folda ninayomtumia.

Linux pia hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kwangu "Ankara.pdf" na "ANKARA.pdf" ni faili mbili zinazokaa pamoja kwa amani, ilhali kwa Windows na Mac, kama zinavyokuja kutoka kiwandani, ni jina moja. Na sisi Waswahili tuna letu. Faili yetu ya "Mizigo ya ng'ambo" ilijitokeza mara mbili, zikiwa na majina ambayo kwa macho hayana tofauti, mpaka nilipokuza maandishi nikaona kwamba moja ina kibainishi kilichonyooka, kama kilivyo kwenye kibodi, na nyingine ina kile kilichopinda ambacho programu ya kuandikia hukiweka yenyewe na kukipeleka hadi kwenye jina la faili. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Hiyo haikuwa kosa la kuhama. Ilikuwapo miaka yote, ila nilikuwa sijapata sababu ya kuhesabu faili moja moja. Anayetumia skripti, yaani amri zilizoandikwa zijiendeshe zenyewe, kwenye Linux ajue pia kwamba kile kilichonyooka huchukuliwa kuwa mwanzo wa nukuu, na ng' moja inaweza kusimamisha kazi ya usiku kucha.

Orodha ya vitu vya kurukwa, yaani faili ambazo programu imeambiwa isizisawazishe, nayo ina tabia yake. Katika Syncthing hukaa ndani ya folda yenyewe, katika faili iliyofichwa iitwayo .stignore, na kwa makusudi haisawazishwi kwenda kwa wengine. Mtu akihamisha folda ya mipangilio kwa uangalifu wote, orodha haimo. Hata ikihamishwa, haifai kama ilivyo, kwa sababu kila mfumo una takataka zake: Windows huacha Thumbs.db na desktop.ini, Mac huacha .DS_Store, na LibreOffice ninayoitumia sasa hutengeneza faili ya kufuli inayoanza na .~lock kila nifunguapo waraka. Kufuli hizo zilipoanza kusafiri, mwenzangu wa Kurasini akawa anaambiwa na kompyuta yake kwamba mimi nimefungua ankara, hata siku niliyokuwa likizo.

Saa ni jambo la mifumo miwili katika mashine moja, na nitalitaja kwa ufupi. Kwa desturi, Windows huichukulia saa ya ndani ya kompyuta kuwa ni saa ya mahali ulipo, na Linux huichukulia kuwa ni saa ya dunia, nasi tumeitangulia saa ya dunia kwa saa tatu. Anayetumia mfumo mmoja asubuhi na mwingine jioni hujikuta na saa iliyokosea kwa saa tatu kamili mpaka intaneti iirekebishe, na programu inayochagua faili mpya kwa kutazama saa itachagua isiyo mpya. Ubuntu inaweza kuambiwa ifuate desturi ya Windows. Fundi yeyote anaweza kulifanya hilo akikumbushwa.

Ratiba ya kazi haimo kabisa ndani ya mipangilio ya programu nyingi. Kama programu yako ilikuwa ikiamshwa na Windows kila saa sita usiku, basi aliyekuwa anaiamsha amebaki na Windows. Kwenye Linux itabidi kazi hiyo ya kuamsha programu kwa ratiba apewe cron au systemd, na kwenye Mac launchd, na sijaona programu inayokukumbusha kwamba haijaamshwa.

Mara ya pili tulifanya hivi. Niliwasha kwanza utunzaji wa matoleo ya zamani kwenye kompyuta ya Kurasini na ya Mzee, ili kitakachofutwa kibaki pembeni kwa siku thelathini. Nikafungua config.xml ya zamani kama maandishi ya kawaida, nikachukua karatasi ya kaunta, nikaandika kwa kalamu vitambulisho vya folda, majina ya kompyuta zinazoshirikishwa, mwelekeo wa kila folda na, kutoka kwenye .stignore, orodha ya vinavyorukwa. Kurasa moja na nusu zilitosha, na sasa zimo kwenye faili la kadibodi juu ya kabati. Tukafuta folda yote ya Syncthing kwenye Ubuntu, tukaianzisha upya ikiwa haijui kitu, tukarudisha nyaraka kutoka kwenye diski tuliyoijaza kwa Mac, ambayo tuliiandaa kwa muundo wa diski uitwao exFAT ili mifumo yote mitatu iweze kuisoma na kuiandika. Kisha folda ikawekwa katika hali ya kupokea tu. Kwa siku mbili kompyuta yangu ilipokea na haikuruhusiwa kumwamuru mtu yeyote. Siku ya tatu, baada ya kulinganisha idadi za faili kwa simu na Kurasini, tukairuhusu kutuma.

Wasomaji wanaotumia huduma za mawinguni wasidhani hayawahusu. Google Drive haina programu rasmi ya kwenye Linux, wala OneDrive, hivyo anayehama hulazimika kutumia programu za watu wengine, kila moja ikiwa na mipangilio yake na kumbukumbu zake. Dropbox inayo. Na wanaotumia FreeFileSync, ambayo hufanya kazi kwenye mifumo yote mitatu, wana nafuu moja, kwamba kazi zao huhifadhiwa katika faili ambayo inaweza kufunguliwa na kusomwa. Lakini njia zilizoandikwa humo ni zile zile za Windows, na kazi ya kuakisi upande mmoja kwenda mwingine, ikipewa folda tupu kama chanzo, itauacha upande wa pili mtupu vilevile. Kitufe cha kulinganisha kipo kabla ya kitufe cha kusawazisha. Kibonyezwe.

Naomba basi, Mhariri, ile sentensi isahihishwe katika toleo lijalo: mahali iliposomeka "nakili folda nzima ya mipangilio", isomeke kwamba msomaji achukue faili ya mipangilio peke yake, asome njia za folda na kuzibadilisha kabla ya kuwasha kitu, aache kumbukumbu za ndani zibaki zilikotoka, na aamue kwa makusudi kama ufunguo unahama au hauhami.

Fundi wetu ameisoma barua hii kabla sijaituma. Amekubali yote isipokuwa saa: anasema ni dakika ishirini, si nusu saa, na ameomba niongeze kwamba kazi ya mara ya pili hakutulipisha.

Karani wa nyaraka,
Dar es Salaam